Ganda Kwanza, Nakshi Baadaye

Hotuba kwa vijana wanaojifunza sanaa za mikono, Iringa

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu, wazazi mliofika, mafundi wenzangu wa vinyago, vikapu na batiki, na ninyi vijana ambao hasa ndio nimewafuata: kamwene!

Ahsanteni. Wakati wa chai niliwaona mkipita kwenye meza yangu mkiyageuzageuza yale mayai. Baadhi yenu mmeuliza swali ninaloulizwa kila kwenye maonyesho: "Hii si plastiki kweli?" Mkishahakikishiwa kwamba ni ganda la yai lililotagwa na kuku, linafuata la pili: "Sasa mbona halivunjiki?" Linavunjika, tena upesi. Ufundi wote ni kujua litavunjikia wapi kabla halijavunjika.

Mwalimu aliyenialika alipendekeza nije na michoro ya nakshi muinakili. Nilimwomba radhi, sikuja nayo. Naona siku hizi kijana akitaka kuchonga yai anaanza na simu. Anatafuta picha, anaona yai lililotobolewa likawa jepesi kama pazia la kamba, anaipenda ile picha, kisha anaingia jikoni kwa mama kuchukua yai lolote na kulilazimisha lifanane nayo. Linapasuka, naye anasema kazi hii ni ya Wazungu wenye mashine. Si kweli. Aliyechonga lile la kwenye picha alianza na ganda alilokuwa nalo mkononi: unene wake, ugumu wake, rangi yake ya nje na ya ndani. Nakshi ilifuata baadaye. Kila mahali duniani ambako watu wamepamba maganda ya mayai, mambo yamekwenda kwa mpangilio huo, na hilo ndilo nitakalowaonyesha.

Tuanze na lile mnalolijua, yai la kuku wa kisasa. Ganda lake lina unene wa kama milimita 0.3 hadi 0.4. Shikeni karatasi tatu au nne za daftari kwa pamoja, ndio unene huo. Zaidi ya asilimia 90 ya ganda ni kalsiamu kaboneti, kitu kilekile kilichomo kwenye mawe ya chokaa na kwenye matumbawe yaliyojengewa nyumba za kale za Kilwa na Unguja. Kwa hiyo mnachochonga ni jiwe. Ni jiwe jembamba, lina vitundu vya kupitishia hewa kwa maelfu, lakini ni jiwe. Halina nyuzi za kufuata. Mchonga mpingo akija kujifunza kwangu, hilo ndilo linalomtatiza siku ya kwanza: anatafuta njia ya mti na haioni.

Kuku hulijenga ganda kwa muda wa kama saa 20, na hali yake katika saa hizo ndiyo mtakayokutana nayo mkononi. Mtetea aliyeanza kutaga juzi hutaga yai dogo lenye ganda imara. Akizeeka, yai linakuwa kubwa na ganda linapungua unene, kwa kuwa chokaa ileile sasa inatandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Joto nalo lina hesabu yake. Kuku anayehema kwa joto hupoteza hewa ya ukaa nyingi mwilini, damu yake inabadilika, na ganda linadhoofika. Ndiyo maana yai la Dar es Salaam la msimu wa joto kali linaweza kumsumbua fundi, na sisi huku tukichonga kwa raha. Baridi ya Iringa inatutesa kwa mengi, tukubali walau hapa imetufaa.

Basi mnaponunua, msiseme tu "nipe trei moja". Mwulizeni mfugaji kuku wake wana umri gani. Atashangaa, mwacheni ashangae. Mkifika nyumbani, limulikeni kila yai kwenye balbu au tochi ya simu ndani ya chumba chenye giza. Ufa usioonekana mchana utajitokeza kama mstari mweupe. Yai hilo lirudi jikoni. Na kama kuna mtu mnayemjua anafuga kanga, huyo mshikeni vizuri. Yai la kanga ni dogo, lakini ganda lake ni nene na gumu kuliko la kuku, na kwa anayejifunza kuchonga ni heri tupu. Sielewi kwa nini mafundi wetu wengi hawajalifikia.

Sasa kulitoa yai ndani ya ganda. Toboeni tundu moja, upande ule mpana, penye chumba cha hewa. Najua wapo wanaotoboa mawili, juu na chini, kisha wanapuliza kwa mdomo. Siwashauri: mnajipelekea bakteria wa salmonela mdomoni, na mnaharibu ncha zote mbili za yai ambazo ndizo zinazoonekana kwanza. Chukueni bomba la sindano. Tundu liwe pana kidogo kuliko ncha ya sindano ili ute upate pa kutokea. Inamisheni yai tundu likiangalia bakuli, ingizeni hewa taratibu, na ute na kiini vitasukumwa nje vyenyewe. Kiini kikigoma, mkichome kwa waya mwembamba. Msivimwage, jioni kutakuwa na chipsi mayai.

Ndani linabaki na utando. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu ndiyo karibu kemia yote ya kazi hii. Siki hula ganda ikauacha utando. Jiki hula utando ikaliacha ganda. Mkilijua hilo mnajua ni lini mtumie ipi. Ukitaka kuchimbua nakshi juu ya ganda bila drili, unafunika kwa nta sehemu unazotaka zibaki, unalitia yai kwenye siki, nayo inakula kidogokidogo pale palipoachwa wazi, mpaka nakshi inasimama yenyewe. Ukitaka kulisafisha ganda lililokwisha kutobolewa, unaliloweka kwenye jiki iliyozimuliwa kwa maji na utando unayeyuka. Lakini msizichanganye hizo mbili, kamwe! Jiki ikikutana na siki hutoka gesi ya klorini, nayo inaunguza mapafu. Kwangu chupa hizo hazikai hata kwenye rafu moja.

Msiutoe utando mapema. Wakati wa kukata ndio unaolishika ganda kwa ndani. Kipande kikichomoka pasipo utando, kinaondoka na jirani yake. Kateni kwanza, nakshi yote iishe, ndipo mloweke.

Kuhusu drili nitasema machache kwa sababu mtazishika wenyewe baadaye. Drili ndogo za mkononi zinazouzwa kwa mafundi huzunguka kama mara 30,000 kwa dakika. Ile ya daktari wa meno inayoendeshwa kwa hewa hupita 300,000, na wachongaji wengi wa nje ndiyo wanayoitumia. Mtu akisikia kasi hiyo anaogopa. Cha kuogopwa ni mashine ya polepole: inaling'ata ganda na kulivuta. Ya kasi inalisaga kuwa unga pale inapogusa tu. Ile methali ya polepole ndio mwendo hapa inauhusu mkono, haiihusu mashine. Mkono uguse kama anayefuta vumbi, uachie, uguse tena.

Halafu pembe. Msikate pembe kali hata siku moja, maana ufa hupenda kuanzia kwenye pembe. Mkitaka mraba, toboeni kwanza matundu manne ya mviringo kwenye pembe zake, ndipo muyaunganishe. Pembe zitabaki na mviringo mdogo ambao jicho halitauona, lakini ganda litaujua. Tena bakizeni vishikizo kati ya matundu. Yai lina nguvu kwa sababu limepinda kila upande; uzito ukilielemea kutoka juu unashuka kupitia ganda lote hadi kitako. Ukilizungushia mkanda wa matundu yaliyokaribiana mno, umeikata njia hiyo. Mnaweza kuondoa sehemu kubwa ya ganda na bado likasimama, ilimradi mmeacha mishipa inayopanda kutoka chini hadi juu bila kukatika.

Na vumbi lake lisiingie kifuani. Barakoa, miwani, dirisha wazi. Utando ukisagwa hunuka kama nywele zilizoungua, kwa hiyo msije mkadhani nyumba inawaka moto.

Baada ya hayo, nataka kidogo kuchokoza. Ukitaja mayai ya sanaa mbele ya watu waliosoma, jina la kwanza watakalokutajia ni Fabergé. Peter Carl Fabergé na karakana yake ya St Petersburg walianza kuitengenezea familia ya mfalme wa Urusi mayai ya Pasaka mwaka 1885, na mpaka mapinduzi ya 1917 yalifika 50. Ni kazi ya ajabu, sibishi. Lakini ni dhahabu, enameli na vito. Ganda la yai halimo hata chembe. Yule alikuwa sonara aliyependa umbo la yai. Tumheshimu, tumwache aende zake.

Kazi ya kuchora ganda lenyewe ina umri mwingine kabisa, na haikuanzia Ulaya. Kwenye pango la Diepkloof, magharibi mwa Afrika Kusini, watafiti walioongozwa na Mfaransa Pierre-Jean Texier walieleza mwaka 2010 juu ya vipande 270 vya maganda ya mayai ya mbuni vilivyochorwa kwa kukwaruzwa. Umri wake ni kama miaka 60,000. Mchoro unaojirudia zaidi una mistari miwili mirefu inayokwenda sambamba, katikati yake imekatwa na mistari mifupi mingi, kimoja baada ya kingine, kwa nafasi. Aliyechora alijua anachokifanya, na aliyemfuata alijua mchoro wa mwenzake. Vipande vingine vina tundu lililotobolewa makusudi, mdomo wa kibuyu. Yai la mbuni hubeba maji kiasi cha lita moja hivi, na watu wale walikuwa wakiyatumia kama vyombo vya maji.

Tazameni ganda lilivyowaongoza. La mbuni lina unene wa kama milimita mbili, mara tano au zaidi ya la kuku. Unaweza kulikwaruza kwa jiwe lenye ncha, ukaingia ndani kiasi cha mchoro kuonekana, bila kutokea upande wa pili. Na chombo cha maji ukikitoboatoboa si chombo tena. Kwa hiyo wakachora kwa kukwaruza. Wasan wa Kalahari wameendelea na vyombo hivyo hadi karne iliyopita: tundu moja kwenye ncha, kizibo cha majani au nta, michoro kuzunguka tundu, kisha yai linafukiwa mchangani kuhifadhi maji ya siku za ukame.

Lakini sikuja Iringa kuwasifia Afrika Kusini. Mgeni akija kwetu tunampeleka Isimila kuona zana za mawe, na ni sawa. Ila katika mkoa huuhuu, kijiji cha Magubike, kuna pango lililochimbwa na watafiti, wakapata humo shanga za ganda la mbuni, na miongoni mwa zilizopimwa zimo zilizozidi miaka 40,000. Kisese, kule Kondoa kwenye michoro ya mapangoni, zipo. Enkapune ya Muto, karibu na Naivasha nchini Kenya, zipo, nazo zina kama miaka 40,000. Nimewauliza watu wazima hapa mjini kama wanalijua hilo. Wanaijua Diepkloof kwenye intaneti, Magubike hawaijui. Mgeni rasmi, hilo ni ombi, ukiweza kulifikisha.

Shanga hizo zinatengenezwaje? Akina mama wa Kisan huko Namibia na Botswana bado wanazitengeneza, kwa hiyo si jambo la kubuni. Unavunja ganda vipande vidogo. Unatoboa kila kipande katikati. Unamega kingo kidogokidogo mpaka kipande kinakaribia mviringo. Kisha unazitunga nyingi kwenye uzi, unazikaza pamoja, na uzi mzima unausugua juu ya jiwe mpaka shanga zote zinalingana. Ujanja uko kwenye hatua ya mwisho: hakuna anayesawazisha shanga mojamoja. Zinasawazishana zenyewe. Ona pia kwamba ganda zima ni chombo, na ganda lililovunjika ni shanga. Hakuna kilichotupwa.

Mwaka 2021 Jennifer Miller na Yiming Wang, watafiti waliokuwa Ujerumani, walichapisha vipimo vya shanga zaidi ya 1,500 kutoka mashariki na kusini mwa Afrika. Waliona kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita shanga za huku na za kule zilifanana mno, ingawa kuna zaidi ya kilomita 3,000 kati yake. Watu walikuwa wakifikiana, au walau mitindo ilikuwa ikisafiri kutoka mkono hadi mkono. Kisha hali ya hewa ilibadilika, njia ya katikati ikawa ngumu, na mitindo ikaachana. Kwa hiyo kijana wa Iringa anayetoboa ganda la yai mtu asije akamwambia ameiga Wazungu.

Hayo ndiyo ya kwetu. Sasa nipite haraka kwa wengine, maana kila mmoja alikutana na ganda jingine.

Australia kuna emu, jamaa wa mbuni. Yai lake kwa nje ni kijani kilichokolea, karibu cheusi. Likikwaruzwa kidogo linatoa kijani cha buluu. Ukizidi, buluu hafifu. Ukizidi tena, nyeupe. Wenyeji wa asili wa huko huchonga juu yake wanyama na watu bila tone la rangi. Kivuli chote kinatokana na kina cha kisu, na kina chenyewe ni sehemu ya milimita. Mkono ukiteleza hakuna kufuta, kwa sababu rangi iliyoondoka haina kurudi. Kwangu hakuna kazi ya mayai inayozidi ile kwa ugumu, na sijaona yai la kwetu linaloweza kuiga.

Waukraine wao wana yai la kuku, jembamba, jeupe, lisilo na tabaka za rangi. Basi hawakulichonga. Waliligeuza kitambaa. Wenzangu wa batiki mtaelewa mara moja, kwa sababu ni kazi yenu hiyohiyo: nta ya nyuki na rangi. Pysanka, kama wanavyoliita yai hilo, huanza likiwa bichi, halijachemshwa. Fundi ana kijiti chenye kifaneli kidogo cha bati mwishoni. Anakipasha kwenye mshumaa, anachota nta, anachora kila mahali anapotaka pabaki peupe. Anatumbukiza yai kwenye rangi ya njano. Anachora kwa nta kila mahali anapotaka pabaki njano. Kisha nyekundu, na mwisho nyeusi. Wakati huo mkononi ana kitu cheusi chenye mabonge ya nta, hakitazamiki, na nakshi yote iko kichwani mwake. Ndipo analisogeza yai pembeni mwa mwali wa mshumaa, si juu yake maana moshi ungelichafua, nta inalainika, anaifuta kwa kitambaa kipande kwa kipande, na rangi zote zinatokea.

Kuna jambo la kiufundi hapo ambalo watu wa batiki mlichukue. Rangi huenda kutoka nyepesi kwenda nzito, hilo mnalijua, lakini ganda linataka rangi yenye asidi kidogo, ndiyo maana wanatia siki. Siki hiyo inalikwaruza ganda kidogo na rangi inapata pa kushika. Na yai lisiwe limesuguliwa kwa sabuni kali, wala lisiwe na mafuta ya vidole; rangi itatoka na madoa. Kwa desturi wanaliacha na kiini chake likauke lenyewe kwa miaka. Mimi ningeshauri mlitoe. Yai viza likipasuka sebuleni kwa mteja, mteja huyo umempoteza yeye na ukoo wake.

Enzi za Kisovieti desturi hii ilibanwa kwa kuwa ilinuka dini, ikaendelea kuishi kwa waliohamia ng'ambo, hasa Kanada. Mji mdogo wa Vegreville, jimbo la Alberta, ulisimamisha pysanka kubwa ya alumini mwaka 1975. Ukraine yenyewe ina jumba la makumbusho huko Kolomyia, lililofunguliwa mwaka 2000, ambalo sehemu ya jengo lake ni yai. Desemba 2024 UNESCO iliiandika pysanka kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika, kwa ombi la Ukraine na Estonia.

Wasorbi, jamii ndogo iliyoko mashariki mwa Ujerumani, nao wana nta, lakini kalamu yao ni unyoya wa bata bukini uliokatwa ncha kuwa pembetatu au kidaimondi. Wanauchovya na kugonga mhuri, tap, tap, tap, nakshi inajijenga kwa vipembe vidogo. Ukiwa huna kifaneli cha bati, unyoya haukosi uani. Huko Slovenia, mzee mmoja wa eneo la Vrhnika, Franc Grom, alijulikana kwa mayai aliyoyatoboa maelfu ya vitundu kwa drili ndogo ya umeme. Hayo ndiyo mayai mnayoyaona kwenye simu. Vitundu vyake ni duara vidogo, na sasa mnajua kwa nini ni duara.

Halafu kuna Vietnam, na hapa nataka nimtaje yule kijana anayekaanga chipsi mayai stendi, maana anatupa utajiri kila usiku. Wachoraji wa Vietnam hutumia laka, utomvu wa mti unaokaushwa tabaka kwa tabaka na kusuguliwa. Utomvu huo kwa asili ni kahawia, kwa hiyo rangi nyeupe ukiitia ndani yake inachafuka. Watafanyaje wakitaka weupe wa kanzu au wa mwezi? Wanachukua ganda la yai, mara nyingi la bata, wanalipasua, wanalibandika kwenye laka vipande vidogo sana kimoja pembeni ya kingine, wanafunika kwa laka, wanasugua kwa msasa mpaka ganda linatokea juu, sawasawa na ubao. Wakitaka kivuli wanalichoma kidogo kwanza liwe kahawia. Tangu shule ya sanaa ya Hanoi ilipoanzishwa miaka ya 1920 mbinu hiyo imekuwa sahihi ya wachoraji wao, na Paris kulikuwa na Jean Dunand aliyepamba makabati na meza kwa ganda hilohilo.

Sisi laka hiyo hatuna. Lakini tuna ubao, tuna gundi ya mbao, tuna vanishi, na maganda ya bure. Osheni, toeni utando kwa jiki, kausheni juani, bandikeni upande wa ndani uwe chini, bonyezeni kwa kidole mpaka ganda lipasuke palepale penye gundi. Nyufa zitakazojitokeza ndizo nakshi. Ganda la kahawia na lile jeupe yanawapa rangi mbili bila kununua kopo lolote. Kwa asiye na drili, aanzie hapa wiki hii.

Nimalizie na mambo mawili ambayo fundi hapendi kuyasikia: sheria na bei.

Yai la mbuni nililowaonyesha mchana limetoka shambani, mbuni wa kufugwa, na nina karatasi zake. Yai la mbuni wa porini ni nyara ya serikali. Sheria yetu ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inapotaja nyara inataja na mayai. Haijalishi umeliokota, haijalishi lilikuwa viza, haijalishi babu alikuwa nalo. Kukutwa nalo bila kibali ni kesi, na kulichonga nakshi nzuri ni kulipamba kama kidhibiti. Mgeni akikuomba umletee la porini kwa sababu shambani ni ghali, mwambie hapana, tena kwa sauti ya kusikika. Akitaka kusafiri na yai la shambani, mwambie akaulize masharti ya nchi yake kabla hajalipa, wala usimwachie hilo kama mzigo wa uwanja wa ndege.

Kuhusu bei, mteja atalishika yai lako na kusema, "Lakini si yai tu? La shilingi mia tano?" Msikasirike. Mpeni ganda tupu, la bure, na penseli, mwambieni achore mistari miwili inayokwenda sambamba kulizunguka yai bila kukutana vibaya. Mchezo huo unafanya kazi kuliko maelezo yangu yote. Uzeni saa zenu, na uzeni pamoja na sanduku: yai lisiguse ukuta wa sanduku, likae kwenye pamba au mabaki ya mbao laini, na juu muandike upande upi ni juu. Nusu ya malalamiko ya wateja yanatokana na sanduku, hayatokani na kuchonga.

Nakomea hapo. Mwenzetu pale nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja jiki, tumpe kipaza sauti. Wengine mjitayarishe: barakoa ziko kwenye boksi la bluu, na anayetaka kuanza na mayai ya kanga asimame upande huu, maana yako kumi na mawili tu.